Niliongea na baba mdogo Jumapili, ripoti ya funza inasema alikufa Ijumaa

"Mtaalamu habari. Baba yangu mdogo alikuwa anaishi peke yake, amekutwa amefariki chumbani kwake Alhamisi saa 4 asubuhi, mlango na madirisha yamefungwa. Mimi niliongea naye kwa simu Jumapili saa 2 usiku, dakika kama kumi hivi, alikuwa mzima ukiacha kile kidonda chake cha mguu cha siku nyingi. Sasa ripoti imetoka, inasema mwili ulikuwa na funza wa hatua ya tatu, wakubwa kabisa milimita 15, na kwa joto la nyuzi 22 kutoka kituo cha hali ya hewa umri wao ni siku 5 hadi 6, kwa hiyo alifariki Ijumaa au Jumamosi. Sampuli ilichukuliwa mochwari siku iliyofuata. Ndugu wameanza kuniangalia vibaya, wanasema funza hawadanganyi kwa hiyo mimi ndo nadanganya. Hivi huo umri wanaujuaje, na inawezekana wamekosea?"

Pole sana ndugu yangu. Msiba wenyewe ni mzigo, halafu juu yake unaitwa muongo na watu wa nyumbani kwenu. Nimelisoma swali lako mara mbili na nitajibu kwa urefu, maana hili jambo likijibiwa kwa mkato ndo linazaa balaa kama hilo lililokukuta.

Wasiwasi wako nauelewa hivi: maabara inasema Ijumaa au Jumamosi, wewe unasema Jumapili usiku alikuwa hai, basi mmoja wenu lazima awe amekosea. Sasa hapo kuna vitu viwili vimefungwa kamba moja wakati kila kimoja kina njia yake. Kuna umri wa funza na kuna muda wa kifo. Sisi watu wa wadudu tunachokadiria ni hicho cha kwanza tu, yaani huyu mdudu ameishi saa ngapi tangu yai lake litagwe. Kifo chenyewe tunakisogelea kwa kusema "kwa kawaida nzi hutaga mtu akishakufa, kwa hiyo atakuwa amekufa si chini ya muda huu". Hiyo "kwa kawaida" ishike vizuri, nitairudia.

Na hao wanaosema funza hawadanganyi, mi nakubaliana nao kabisa. Shida ni kwamba funza hahesabu siku. Funza anahesabu joto, na anayeligeuza hilo joto kuwa siku ni binadamu mwenye kalamu, na ripoti yako imeandika wazi joto alilotumia.

Ngoja nianze na huo umri unavyosomwa. Nzi wa kijani na wale wa buluu wenye kung'aa wana pua kali sana, mlango ukiwa wazi wanaweza kufika ndani ya dakika chache, wanatafuta sehemu laini zenye unyevu, macho, pua, mdomo, kidonda, na jike mmoja anaacha mayai mia na zaidi kwa mkupuo, meupe, marefu kama milimita moja na nusu. Yai linaanguliwa anatoka funza mdogo wa milimita 2 tu. Huyo anakula, anajivua ngozi anakuwa wa hatua ya pili, anakula, anajivua tena anakuwa wa hatua ya tatu, na hii ya tatu ndo ya ulafi mkubwa, anafika milimita 15 mpaka 18 kutegemea aina. Akishiba anaacha kula, anatoka kwenye mwili kutafuta mahali pakavu pa giza, anajikunyata, ngozi yake inakuwa ganda gumu la kahawia, humo ndani anageuka pupa halafu nzi.

Hatua hatuzijui kwa urefu, tunazijua kwa kuangalia nyuma. Ukimweka funza chini ya hadubini ukageuza mkia wake unaona sahani mbili ndogo za kahawia, ndo matundu yake ya kupumulia, na kwenye kila sahani kuna vipasuo kama alama za kucha. Vipasuo viwili, huyo ni wa hatua ya pili. Vitatu, ni wa tatu. Kazi hiyo hata mwanafunzi anaifanya kwa dakika mbili, kwa hiyo ripoti ikisema hatua ya tatu mi siwezi kuibishia.

Urefu sasa ndo una mtego. Funza wa hatua ya tatu anarefuka mpaka kilele, halafu akiacha kula anapungua, anarudi milimita 12 au 13. Kwa hiyo milimita 15 inaweza kuwa ya mtu anayepanda mlima au anayeshuka, na tofauti ya hao wawili ni zaidi ya siku nzima. Kinachowatenganisha ni tumbo la chakula, kale kamfuko keusi kekundu kanakoonekana kwenye ngozi kama damu nyuma ya karatasi, anayekula kanaonekana kamejaa, aliyeacha kula kamekwisha. Ripoti yako hujaniambia kama imelitaja hilo.

Haya, tuje kwenye joto maana hapa ndo roho ya swali lako ilipo. Funza hana joto lake mwenyewe kama sisi, mwili wake unakwenda kasi ya mahali alipo, pakiwa na baridi anajikongoja, pakiwa na joto anakimbia. Nzi wa kijani anayeitwa Lucilia sericata, ukimlea kwenye nyuzi 27, kutoka yai mpaka kuingia hatua ya tatu anatumia kama siku mbili na kidogo, ukimshusha kwenye ubaridi hiyo safari ya siku mbili inakuwa ya wiki. Ndo maana swali la "funza wa milimita 15 ana siku ngapi" halina jibu mpaka uambiwe alikuwa kwenye joto gani.

Hesabu tunayotumia ni nyepesi, hata mtoto wa shule anaiweza. Kila aina ya nzi ina joto la chini ambalo chini yake hakui kabisa. Unachukua joto la mahali, unatoa hilo la chini, kinachobaki unazidisha kwa saa alizokaa. Jumla yake ndo "bei" ya joto ambayo funza lazima ailipe ili afike hatua fulani, na hiyo bei haibadiliki sana, akilipa haraka anafika haraka.

Tuifanye na ya kwenu. Tuseme joto la chini ni nyuzi 10, namba hii ni ya mfano, aina nyingi za sehemu za joto ziko jirani na hapo, ila nzi wa buluu wa nchi za baridi anakua hata kwenye nyuzi 5. Ripoti imetumia nyuzi 22, toa 10 inabaki 12. Siku 5 ni saa 120. Zidisha, 1440. Hiyo ndo bei waliyolipa hao funza. Sasa chukua bei hiyohiyo uwaweke funza kwenye chumba cha nyuzi 30. Toa 10 inabaki 20, gawanya 1440 kwa 20 unapata saa 72. Siku tatu kamili. Rudi nyuma saa 72 kutoka Alhamisi saa 4 asubuhi unaangukia Jumatatu saa 4 asubuhi, yaani asubuhi baada ya ile simu yako.

Usikimbie na hiyo namba sasa hivi kwenda kuwaonyesha ndugu, sijui chumba kilikuwa na nyuzi ngapi na wewe hujui. Ninachokuonyesha ni kwamba nyuzi nane tu za tofauti zinakula siku mbili nzima, na nyuzi 22 za kituo cha hali ya hewa zimepimwa nje, kivulini, penye upepo, themomita imewekwa kwenye kisanduku cheupe chenye matundu. Hicho siyo chumba kilichofungwa madirisha siku nne. Mtu makini anachukua kipimajoto cha kujiandikia, anakiweka palepale mwili ulipokuwa kwa siku kadhaa, madirisha yakiwa vilevile, halafu analinganisha na kituo siku hizohizo aone chumba kinazidi kwa ngapi, ndipo anarekebisha zile za nyuma. Kama hilo halijafanyika, basi siku 5 hadi 6 ni makadirio ya funza waliokaa pale kituoni.

Halafu kuna joto lingine ambalo hata baadhi ya madaktari wanalisahau. Funza wakiwa wengi wanarundikana, wanakula vichwa vimeinama chini mikia juu wapate hewa, wanasuguana, na ule msukosuko pamoja na miili yao kuyeyusha chakula unatoa joto. Ukichomeka kipimajoto katikati ya rundo la hatua ya tatu unaweza kukuta nyuzi kumi, ishirini zaidi ya hewa ya chumba. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilidhani kifaa kimeharibika, nikakitoa, nikakifuta, nikarudisha, kikaniletea namba ileile. Kwa hiyo kuanzia hapo funza wanaishi kwenye joto lao wenyewe na hesabu ya hewa ya chumba peke yake inawazeesha kuliko walivyo. Ila na hii ina mpaka wake, joto likipita kiasi ukuaji unagoma na wengine wanakufa, kwa hiyo huwezi kuongeza nyuzi tu upendavyo mpaka upate siku unayoitaka.

Mochwari napo usipapite kimya. Umri wa funza unahesabiwa mpaka dakika alipouawa, siyo mpaka mwili ulipokutwa. Kama waliokotwa Ijumaa basi kuna siku nzima ya ziada, na watu wanadhani friji inasimamisha kila kitu lakini rundo kubwa lenye joto lake linaendelea kula ndani ya friji saa nyingi tu kabla halijapoa. Uliza kama hiyo siku imetolewa kwenye hesabu. Ikiwa wamehesabu umri wa Ijumaa wakarudi nyuma kuanzia Alhamisi, wameshamuua baba yako mdogo siku moja mapema.

Sasa kidonda. Nimekuambia "kwa kawaida nzi hutaga mtu akishakufa", na kisicho cha kawaida ni hiki. Nzi wa kijani hajali kama nyama ni ya maiti au ya mtu hai, anachonusa ni uozo, na kidonda cha muda mrefu cha mtu anayeishi peke yake, bandeji imelowa haijabadilishwa, kwake ni mlango wazi. Anataga, funza wanaanza kukua mguuni na mgonjwa yuko hai anaongea na simu, na kama mguu umekufa ganzi anaweza asijue kabisa. Ikitokea hivyo funza wanakuwa wakubwa kuliko kifo chenyewe. Kwa hiyo swali la muhimu kuliko yote kwa aliyechukua sampuli ni hili: wale wa milimita 15 wametoka wapi? Wakiwa wametoka mguuni tu na usoni kulikuwa na wadogo zaidi, picha yote inabadilika. Wakiwa wametoka usoni na machoni, maelezo ya kidonda yanapungua nguvu sana. Najua siyo jambo zuri kulifikiria kuhusu baba yako mdogo, lakini bora ulijue.

Nimekupa yanayokubeba, haki inadai nikupe na yanayokugeuka. La kwanza, madirisha yaliyofungwa yanachelewesha nzi kuingia, usiku pia nzi hawa hawatagi, ni mara chache sana, kwa hiyo mtu akifa saa tano usiku mayai ya kwanza ni ya kesho yake asubuhi. Ucheleweshaji wote unavuta kifo nyuma, mbali na simu yako. Kuna kesi moja Hawaii ambayo mtaalamu M. Lee Goff aliishughulikia, mwili wa mwanamke umeviringishwa mablanketi, funza walimpa siku 10 na nusu, akaona haitoshi, akachukua mzoga wa nguruwe akauviringisha vilevile akauacha nje, nzi wakachelewa kuingia siku 2 na nusu. Akaongeza, zikawa 13. Kwenu, kama chumba kilizibwa sawasawa, hesabu yangu ya Jumatatu saa 4 inabana, imeacha usiku mmoja tu kati ya simu na mayai. Nzi angekuwa tayari humo chumbani au kulikuwa na upenyo.

La pili ni namna walivyohifadhiwa. Funza anatakiwa auawe kwa maji ya moto karibu ya kuchemka, nusu dakika, unamwona ananyooka kama kijiti na anabaki mweupe, ndo unamtia kwenye spiriti ya asilimia 80 hivi. Ukimtupa mzima mzima kwenye spiriti au fomalini anajikunja, anasinyaa, anageuka mweusi, ukimpima unapata mfupi kuliko alivyokuwa. Kama hawa walitupwa wazima basi walikuwa zaidi ya milimita 15, na hilo siyo habari njema kwako.

La tatu ndo zito. Uliza kama kulikutwa pupa za kahawia sakafuni, chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya nguo, au maganda matupu ambayo nzi ameshatoka. Maganda matupu yakiwepo na yametokana na mwili huu, siku tatu haziwezekani hata chumba kiwe tanuri, hesabu yangu yote ya juu uitupe. Wasiwe tu wameokota ya kwenye pipa la taka au panya aliyekufa pembeni, hutokea.

Dawa nazo zina mchango, kokeini kwa mfano ikiwepo kwenye mwili imeonekana kuharakisha funza, na sumu nyingine za wadudu zinawachelewesha, lakini kwa maelezo yako sioni sababu ya kwenda huko.

Labda unajiuliza mbona basi ripoti imeandikwa kwa uhakika hivyo. Ndugu yangu, hata mahakamani wataalamu wakubwa wanapishana. Mwaka 2002 San Diego kule Marekani kesi moja ya mauaji ilileta wataalamu kadhaa wa wadudu, mwili mmoja, na tarehe walizotoa za nzi kuanza kutaga hazikulingana, sababu kubwa ikiwa hayahaya, joto lipi litumike na nini kiliwachelewesha nzi. Siyo kwamba fani ni ya ubabaishaji. Ripoti nzuri inataja aina ya nzi, joto na limetoka wapi, jedwali la ukuaji lililotumika, halafu inatoa muda wenye upana na kusema "si chini ya". Yako kwa ulivyoinukuu imeruka aina ya nzi kabisa, na bila aina hakuna bei ya joto, maana aina mbili kwenye chumba kimoja zinaweza kupishana siku nzima na zaidi.

Kwa hiyo ungekuwa mdogo wangu ningekuambia ufanye hivi. Andika barua, siyo maneno ya korido, kwa mpelelezi anayeshika faili, uombe mapitio ya makadirio na uombe sampuli zisitupwe. Hili la sampuli lifanye wiki hii, kopo la spiriti kwenye kabati la mtu ni kitu rahisi sana kupotea. Ndani ya barua uliza yale tuliyoongea: aina ya nzi, wametolewa sehemu gani ya mwili, waliuawa saa ngapi na kwa njia gani, joto limetoka wapi, rundo lilipimwa joto au hapana, kuna pupa au hakuna, na kuna waliolelewa hai mpaka wakawa nzi. Mapitio yafanywe na mtu wa wadudu mwenyewe, na kama suala limeshaingia polisi au kuna anayekutaja jina, tafuta wakili kabla hujatoa maelezo zaidi, mimi siwezi kukusaidia hapo na wala siwezi kuyathibitisha haya kwa maandishi bila kuona sampuli.

Na ile simu, omba rekodi yake kwa kampuni ya simu kupitia wakili au mpelelezi. Dakika kumi zilizopokelewa zina uzito, ingawa zinaonyesha namba ilipokelewa, hazionyeshi aliyepokea. Kama alipiga kwa mtu mwingine pia usiku huo au Jumatatu alfajiri, kilio chenu kimepungua nusu. Funza hawawezi kusema wewe ni mkweli, wanaweza tu kusema unachosema kinawezekana au hakiwezekani, na kwa nilichosoma kinawezekana.

Chumba chenyewe, kama hakijafunguliwa kikafanyiwa usafi na kupakwa rangi, mwombe mpelelezi aje apime joto. Akichelewa na majira yakawa yanaelekea kubadilika, bora hata nyie muweke kipimajoto cha kawaida kuliko kukosa kabisa, mfunge madirisha kama yalivyokuwa, muandike asubuhi, mchana na usiku siku saba, mashahidi wawili waweke sahihi. Kiwekeni usawa wa pale alipolala, kisigusane na ukuta unaopigwa na jua. Mimi mwaka fulani nilikiweka dirishani kwa sababu ndo palikuwa na msumari, jua la saa 9 likawa linakipiga kila siku, nikaja na joto la ajabu na umri wa funza ukatoka mdogo mpaka mwenzangu wa maabara akaniuliza kama hao nzi walitaga baada ya sisi kufika.